Chungu Hiki Kilifinyangwa Wapi?

Mwendo wa kilomita tano hivi kusini ya mji wa Bagamoyo yako magofu ya Kaole. Hapo pamesalia misikiti miwili ya mawe ya matumbawe pamoja na makaburi, na juu ya baadhi ya makaburi hayo zimesimama nguzo zilizojengwa kwa mawe na chokaa. Ufuko uliokuwa bandari ya mji huo sasa umefunikwa na mikoko. Mgeni afikapo mahali kama hapo hutazama kwanza majengo. Kisha huinamisha macho, na katika udongo huona vigae. Vichache ni vya kijani, laini, ving'aavyo kama kioo. Vilivyo vingi ni vya rangi ya kahawia au nyeusi, vyenye kukwaruza mkononi, na upande wa nje vina masizi. Mgeni huvutiwa na kile king'aacho. Kile chenye masizi hukikanyaga akapita.

Kwa muda mrefu wanachuoni nao walifanya vivyo hivyo. Kigae king'aacho kilitoka China au Ghuba ya Uajemi, na kwa kuwa kilitoka mbali, ilidhaniwa kwamba na wenye mji walitoka mbali. Hivyo waandishi wengi wa zama za ukoloni waliieleza miji ya kale ya Pwani kuwa ni makoloni ya wageni waliovuka bahari, wakajenga kwa mawe, huku wenyeji wakibaki watazamaji tu. Kigae chenye masizi hakikuulizwa lolote. Makala haya yanaeleza jinsi sayansi inavyokiuliza kigae hicho swali moja, yaani kilifinyangwa wapi, na jinsi jibu lake lilivyoigeuza historia iliyokuwa ikifundishwa madarasani.

KWA NINI CHUNGU CHA KUPIKIA?

Vyombo vya nyumbani hugawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni vyombo vya fahari: sahani na mabakuli ya kuwekea chakula mbele ya wageni, ambayo pia hupamba ukuta. Vyombo hivi vina thamani kubwa kwa uzito mdogo, basi mfanyabiashara hupata faida kuvisafirisha hata kwa miezi mingi baharini. Kundi la pili ni vyombo vya jikoni: chungu cha kuchemshia, kikaango, mkungu wa kufunikia, mtungi wa maji. Vyombo hivi ni vizito, huvunjika upesi, na bei yake ni ndogo. Hakuna nahodha mwenye akili atakayejaza jahazi lake vyungu vya kupikia ugali na kuvipeleka nchi ambayo kila kijiji chake kina mfinyanzi.

Sababu ya pili imo katika udongo wenyewe. Mfinyanzi huchukua udongo karibu na nyumbani, kwa kuwa huubeba kichwani. Mwaka 1985 mtaalamu wa Marekani, Dean Arnold, alikusanya habari za jamii za wafinyanzi zaidi ya mia moja katika mabara mbalimbali, akaona kwamba zilizo nyingi hazikuenda zaidi ya kilomita 7 kuutafuta udongo, na kwamba theluthi moja hivi hazikuvuka hata kilomita 1. Kwa hiyo chungu cha kupikia ni kama raia asiyesafiri: mahali kinapovunjika hapako mbali sana na mahali kilipozaliwa.

Tena chungu hushuhudia desturi za mpishi. Umbo la chini la mviringo hukaa vyema juu ya mafiga matatu; shingo nyembamba huzuia mvuke; mdomo mpana huruhusu mwiko kuzunguka. Mtu aweza kununua sahani ya ugenini kwa siku moja, lakini namna ya kupika aliyojifunza kwa mama yake haiachi kwa urahisi. Ndiyo maana mtaalamu atakaye kujua ni nani hasa aliyeishi katika mji uliokufa huanza uchunguzi wake jikoni, ndipo aende msikitini na kaburini.

NJIA YA KWANZA: JICHO NA MKONO

Kabla ya chombo chochote cha maabara, mtaalamu hukitazama kigae kwa macho. Jambo la kwanza ni namna kilivyofinyangwa. Chombo kilichotengenezwa kwa gurudumu la mfinyanzi huacha mistari myembamba ya mviringo iliyo sambamba, na unene wa ukuta wake hulingana pande zote. Chungu kilichoinuliwa kwa mkono, kama wafanyavyo mpaka leo wanawake wafinyanzi wa Uzaramo na Ukwere, hakina mistari hiyo. Unene wake hubadilika kidogo kidogo, na juu yake huweza kuonekana alama za kukwangua na za kusugua kwa kokoto laini.

Jambo la pili ni rangi ya mvunjiko. Udongo una chembe za mimea iliyooza, yaani kaboni. Chungu kikichomwa kwa moto wa wazi, wa kuni na nyasi, joto lake kwa kawaida huwa kati ya nyuzi 600 na 900 za Sentigredi, nalo hudumu muda mfupi. Kaboni iliyo karibu na uso huungua ikatoka, lakini ile iliyo katikati ya ukuta hubaki. Kigae cha namna hiyo kikivunjwa huonyesha tabaka tatu: jekundu nje, jeusi katikati, jekundu ndani. Kauri ya China haina tabaka hizo, kwani huchomwa katika joko la matofali kwa joto linalozidi nyuzi 1200, mpaka udongo wake huanza kuyeyuka na kuwa kitu kigumu kama kioo. Mwanafunzi ajuaye mambo haya mawili, hata akiwa hana kifaa chochote, aweza kutenganisha vyombo vya joko la ng'ambo na vyungu vya moto wa wazi.

Jambo la tatu ni umbo na nakshi. Kila kizazi cha wafinyanzi hurithi mapambo yake: mistari iliyokwaruzwa kwa kijiti, pembetatu, vitone, alama za kombe. Lakini nakshi peke yake haitoshi, maana huweza kuigwa. Mfinyanzi wa Bagamoyo angeweza kuona chungu cha mtu wa Pangani akapenda mapambo yake na kuyafuata. Mkono huiga mkono. Udongo, hata hivyo, hauigi udongo. Basi inabidi kuingia ndani ya udongo wenyewe.

NJIA YA PILI: HADUBINI

Udongo wa mfinyanzi ni mawe yaliyosagwa na mvua, jua na mito kwa muda wa maelfu ya miaka. Kwa hiyo kila udongo hubeba chembe za milima ulikotoka. Mtaalamu hukata kipande chembamba cha kigae, hukigandisha juu ya kioo, kisha hukisugua mpaka unene wake uwe milimita 0.03. Kwa unene huo hata jiwe hupitisha mwanga. Kipande huwekwa chini ya hadubini yenye mwanga uliochujwa ili mawimbi yake yatikisike upande mmoja tu, na kila aina ya madini huonyesha rangi na mng'ao wake wa pekee.

Pwani ya kaskazini ya Dar es Salaam yafaa sana kwa uchunguzi wa namna hii, kwa sababu mito yake hutoka katika nchi zenye mawe tofauti. Mto Ruvu huanza katika milima ya Uluguru na kuingia baharini kaskazini ya Bagamoyo. Mawe ya Uluguru ni ya kale mno, nayo yalibadilishwa na joto na mkandamizo wa chini ya ardhi. Miongoni mwa madini yake mna ganeti, kwatzi, felspa na mika. Mto Pangani, ulio kaskazini zaidi, hukusanya maji kutoka Kilimanjaro na Meru, ambayo ni milima ya volkano. Kwa hiyo mashapo yake huweza kubeba chembe za mawe ya volkano ambazo hazitazamiwi katika bonde la Ruvu. Na ukingoni mwa bahari, mahali penye miamba ya matumbawe, udongo huchanganyika na vipande vya makombe na chokaa.

Chokaa hiyo ina habari nyingine ya kueleza. Chembe za kombe ni kabonati ya kalsi. Zikipata joto la kutosha, takriban nyuzi 700 hadi 850, huvunjika hivi:

CaCO₃ → CaO + CO₂

Chungu kikipoa, oksidi ya kalsi iliyobaki hufyonza unyevu wa hewa:

CaO + H₂O → Ca(OH)₂

Kitu hiki kipya kina ujazo mkubwa kuliko kile cha kwanza, nacho husukuma udongo uliokizunguka mpaka chungu kikapasuka au kubanduka magamba. Basi hadubini ikionyesha chembe za kombe zilizo nzima ndani ya kigae, hujulikana mambo mawili kwa pamoja: kwamba udongo ulichimbwa karibu na bahari, na kwamba mfinyanzi alijua kuuzuia moto wake usipite kiasi. Mwanamke huyo hakupata kuandika mlinganyo wowote wa kemia, lakini ujuzi wa mlinganyo huo aliuweka katika kazi yake.

NJIA YA TATU: KEMIA YA CHEMBE NDOGO

Pengine vijiji viwili huwa na udongo wenye madini yanayofanana machoni. Hapo huhitajika njia iliyo kali zaidi. Udongo wowote una elementi nyingi, kama silikoni, aluminiamu na chuma. Pamoja na hizo mna elementi zilizo kidogo mno, kama skandi, lanthani, hafni na thori, ambazo hupimwa kwa sehemu katika milioni moja. Uwiano wa elementi hizo ndogo ndio alama ya udongo, mfano wa alama za vidole vya mtu.

Njia iliyotumiwa kwa muda mrefu ni ya kupiga kigae kwa nyutroni katika tanuri la atomiki. Kiini cha atomi kikimeza nyutroni hugeuka kuwa kiini chenye mnururisho, na kinapotulia hutoa mionzi ya gama yenye nishati maalumu kwa kila elementi. Kwa kupima nishati hiyo hujulikana ni elementi gani iliyomo, na kwa kuhesabu wingi wa mionzi hujulikana kiasi chake. Njia hii ilianza kutumiwa kwa vigae katika miaka ya 1950 nchini Marekani. Njia nyingine hutumia eksirei, nayo ina faida kwamba vifaa vyake vya siku hizi huweza kushikwa mkononi na kupelekwa penye magofu.

Lakini namba za mashine si jibu. Mwaka 1977 wataalamu watatu, Weigand, Harbottle na Sayre, waliandika kanuni ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa kazi hii: asili ya chombo huweza kutambuliwa ikiwa tofauti kati ya chimbo moja na jingine ni kubwa kuliko tofauti zilizomo ndani ya chimbo moja. Mwalimu aweza kuifafanua kanuni hiyo kwa mfano wa wanafunzi wake. Ikiwa wanafunzi wote wa Kidato cha Kwanza ni wafupi na wote wa Kidato cha Sita ni warefu, basi kimo cha mwanafunzi chatosha kuonyesha darasa lake. Lakini ikiwa katika kila darasa wamo wafupi na warefu, kimo hakionyeshi kitu, hata kikipimwa kwa usahihi wa milimita. Usahihi wa kipimo hauwezi kutibu swali lililoulizwa vibaya.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba kigae kilichozikwa karne nyingi karibu na bahari hufyonza chumvi na chokaa. Kwa hiyo sodiamu na kalsi haziaminiki sana, na mtaalamu mwangalifu huegemea zile elementi ambazo maji hayaziondoi wala kuziongeza kwa urahisi.

Hitimisho la kazi hii yote ni ulinganisho. Hakuna mashine iandikayo jina la Bagamoyo juu ya kigae. Mtaalamu hana budi kuzunguka vijijini, kuwauliza wafinyanzi mahali wanapochimba, kuchukua udongo wa kila chimbo, kuuchoma, na kuulinganisha na vigae vya kale. Mfinyanzi aliye hai ndiye kamusi ya kusomea chungu cha aliyekufa.

YALIYOBAINIKA PWANI

Magofu ya Kaole yalichunguzwa mwaka 1958 na Neville Chittick, aliyekuwa wakati huo msimamizi wa mambo ya kale wa Tanganyika. Katika miaka hiyo macho ya wengi yalielekezwa kwenye mawe na kwenye vyombo vya kigeni vilivyosaidia kukadiria tarehe. Vyombo hivyo vina faida kweli: kauri ya kijani ya Longquan, katika jimbo la Zhejiang nchini China, ilisafirishwa kwa wingi katika karne ya 13 hadi ya 15, na kigae chake kikipatikana chini ya sakafu hutoa kadirio la umri. Lakini tarehe ya jengo ni jambo moja, na asili ya mwenye nyumba ni jambo jingine.

Hatua iliyofuata ilitoka kwenye vyungu. Mwaka 1967 Robert Soper alieleza aina ya vyungu vya kale vilivyochimbuliwa Kwale, karibu na Mombasa, kazi ya wakulima wafua chuma wa karne za kwanza baada ya Kristo. Baadaye vyungu vya jamaa hiyo vilipatikana kusini zaidi, katika nchi iliyo nyuma ya Dar es Salaam, pamoja na mabaki ya ufuaji chuma. Juu yake kwa wakati kilikuja chungu kingine, chenye pembetatu zilizokwaruzwa shingoni, kilichotumiwa takriban karne ya 6 hadi ya 10. Baadhi ya wataalamu walikiita chungu cha mapokeo ya Tana, kwa jina la mto Tana nchini Kenya. Mtanzania Felix Chami, katika tasnifu yake iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Uppsala mwaka 1994, alikiita chungu cha pembetatu, akatoa hoja kwamba kilitokana na vile vya wafua chuma waliotangulia. Miongoni mwa mahali alipochimba ni Kiwangwa, katika wilaya ya Bagamoyo, ndani ya bara mbali na ufuko.

Jambo hili lina uzito. Chungu kile kile cha pembetatu hupatikana katika visiwa vya Lamu, Unguja Ukuu, Kilwa, Visiwa vya Ngazija na hata Msumbiji. Hupatikana pia katika vijiji vya bara ambako hakukuwa na msikiti wa mawe wala sahani ya China. Mark Horton alipochimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, miaka ya 1980, aliona kwamba chini ya nyumba za mawe kulikuwa na nyumba za miti na udongo, na katika tabaka za chini kabisa vyungu vilivyokuwamo vilikuwa vya mapokeo hayo hayo ya Kiafrika. Mji haukuletwa na jahazi ukiwa umekamilika. Ulianza kama kijiji, nao waliokuwa wakipika ndani yake walikuwa wakifinyanga kama jirani zao wa bara.

Katika karibu kila mji wa kale uliochimbwa Pwani, vigae vya vyungu vya nchini ndivyo vingi kuliko vyote. Vya kigeni ni sehemu ndogo. Wakaaji walinunua sahani kutoka ng'ambo, lakini chakula kilichowekwa ndani ya sahani hizo kilipikwa katika chungu cha nyumbani.

VYOMBO VILIVYOSAFIRI

Kila kanuni ina hitilafu zake, na hitilafu hizo nazo hufundisha. Kilwa, Manda na kwingineko vimepatikana vipande vya vyombo visivyo vya udongo, bali vilivyochongwa katika jiwe laini la kijani lililochanganyika na kijivu, liitwalo kloraiti-shisti. Jiwe hilo halipatikani katika miamba ya matumbawe ya Kilwa. Linapatikana kaskazini ya Madagaska, ambako yameonekana machimbo ya kale. Hapa jibu ni wazi: chombo hicho kilivuka bahari. Kilistahimili safari kwa sababu jiwe halivunjiki kama udongo, na kwa sababu halikuwa na mpinzani nchini.

Aina ya pili ni chungu cha kawaida kinachopatikana mbali na kwao. Huko Berenike, bandari ya kale ya Misri katika Bahari ya Shamu, wachimbaji walikuta vyungu vya kupikia vya Kihindi. Kwa kuwa hakuna sababu ya kuuza vyungu hivyo Misri, hufikiriwa kwamba vilikuwa vya mabaharia na wafanyabiashara wa Kihindi waliokaa hapo wakipika chakula cha kwao. Vivyo hivyo huko Sharma, bandari ya Hadhramaut iliyostawi takriban mwaka 980 hadi karne ya 12, vimepatikana vyungu vya Afrika Mashariki. Basi kumbe hata watu wa Pwani yetu walivuka wakaishi ng'ambo, nao hawakuacha chungu nyumbani. Ushahidi huu wa masizi wathibitisha kwamba bahari ilikuwa njia ya kwendea pia, wala haikuwa njia ya kujia tu.

TAHADHARI

Hata hivyo chungu hakitoi ushahidi wa kila jambo. Huonyesha mahali udongo ulipochimbwa na mahali mfinyanzi alipojifunza kazi; hakionyeshi lugha yake, wala dini yake, wala nasaba ya mume wake. Mwaka 2023 ulichapishwa katika jarida la Nature uchunguzi wa chembe za urithi za watu waliozikwa zamani katika miji ya Pwani, miongoni mwake Mtwapa, Manda, Kilwa na Songo Mnara. Ulionyesha kwamba wengi wa waliochunguzwa walikuwa na asili mbili: ya Kiafrika, iliyotoka hasa kwa akina mama, na ya Asia, hasa Uajemi, iliyotoka hasa kwa akina baba, na kwamba mchanganyiko huo ulianza takriban mwaka 1000.

Ushahidi huo haukukanusha vyungu. Kwa kweli uliafikiana navyo. Wageni walikuja kweli, lakini waliukuta mji umekwisha kuanza, wakaoa humo, na jikoni palibaki katika mikono ya wenyeji. Simulizi la makoloni ya kigeni halikubaliani na vigae. Wala simulizi la kwamba hakuna mgeni aliyepata kukaa halikubaliani na mifupa. Mwanasayansi hachagui ushahidi unaompendeza.

SUFURIA YA LEO

Mwanafunzi huenda akauliza kama njia hizi zaweza kutumika kwa sufuria ya aluminiamu iliyo jikoni kwao. Jibu ni kwamba hapa kazi ni ngumu zaidi. Aluminiamu huyeyuka kwa nyuzi 660, joto ambalo fundi aweza kulipata kwa mkaa na mvukuto. Kwa hiyo sufuria nzito zinazomiminwa mtaani hutokana na vyuma chakavu vya namna nyingi: sehemu za injini, makopo, vyombo vilivyotoboka. Madini ya nchi kadhaa huchanganyika katika chungu kimoja cha kuyeyushia, na alama ya asili hupotea. Udongo ukishachomwa haurudi tena kuwa udongo. Aluminiamu huzaliwa mara nyingi.

Lakini swali la asili lina maana hapa pia, na safari hii ni kwa ajili ya afya. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu sufuria za kumiminwa za Kameruni ulionyesha kwamba baadhi yake hutoa risasi ndani ya chakula chenye uchachu, na risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Chanzo chake ni vyuma chakavu vilivyoingizwa bila kuchaguliwa. Anayeuliza chombo chake kimetengenezwa wapi, na kwa kitu gani, haulizi mambo ya wafu peke yao.

KIGAE KISIONDOLEWE MAHALI PAKE

Maarifa yote yaliyoelezwa hapo juu hutegemea sharti moja: kigae kichunguzwe pamoja na mahali kilipolala. Kigae kilichochukuliwa na mgeni na kuwekwa kabatini ni sawa na ukurasa uliochanwa kitabuni. Herufi zake bado zasomeka, lakini haijulikani tena ni wa sura ipi. Mawimbi yanayokula ufuko, mashimo ya misingi ya nyumba mpya na uchimbaji wa mchanga huchana kurasa hizo kila mwaka. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, huvilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863 na hukataza kuvichimba bila kibali. Pamoja na sheria, ulinzi ulio bora ni wa wenyeji wanaojua thamani ya kile wanachokikanyaga.

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Maana yake ni kwamba mwenye kutengeneza vyombo vizuri kwa ajili ya wengine, yeye mwenyewe hujiridhisha na kipande kilichovunjika. Kwa miaka mingi historia ilimtendea mfinyanzi wa Pwani kwa namna hiyo: alivipika vyakula vya miji yote, naye hakutajwa katika kitabu chochote. Gae alilolia sasa limeanza kumtaja.

ZOEZI KWA DARASA

Zoezi hili lifanywe kwa udongo wa siku hizi na kwa vyungu vipya vilivyovunjika, vinavyoweza kupatikana sokoni au kwa wafinyanzi. Vigae vya magofuni visitumiwe.

1. Kusanyeni udongo kutoka mahali patatu: kando ya mto, karibu na ufuko, na shambani. Ukausheni, usageni, upitisheni kwenye chekeche. Kwa lenzi, andikeni chembe zinazoonekana katika kila udongo.

2. Pitisheni sumaku juu ya kila udongo uliosagwa. Ni upi wenye chembe nyeusi nyingi zinazovutwa?

3. Chini ya uangalizi wa mwalimu, dondosheni asidi hidrokloriki hafifu juu ya kila udongo. Ni upi unaotoa mapovu? Andikeni mlinganyo wa badiliko hilo, na elezeni mapovu hayo yanaonyesha nini kuhusu mahali udongo ulipotoka.

4. Tengenezeni vibao vidogo vya kila udongo na kuvichoma kwa moto wa wazi. Vivunjeni na mchore tabaka za rangi za mvunjiko. Vingine viacheni wiki mbili kabla ya kuvichunguza tena. Je, kuna vilivyopasuka? Kwa nini?

5. Mwalimu achukue kipande kimoja bila kuwaambia wanafunzi ni cha udongo gani. Wanafunzi watambue asili yake kwa kutumia majibu ya hapo juu, kisha waeleze wana hakika kiasi gani, na ni ushahidi gani zaidi ambao ungeongeza hakika hiyo.